Nafasi Tupu ya Tarehe: Kuhesabu Siku na Saa katika Usambara, kutoka Kadi ya Kazi hadi Kompyuta

Katika hazina ya data za lugha inayotunzwa na taasisi ya Unicode, ambayo kwa kifupi hujulikana kama CLDR, kumo faili moja dogo la Kishambaa. Liliingizwa humo karibu na mwaka 2010, wakati ambapo lugha kadhaa za Tanzania, zikiwamo Kipare, Kibena, Kirangi, Kimakonde na baadhi ya lahaja za Kichaga, zilipewa mahali kwa mara ya kwanza. Msomaji atakayelifungua hatakuta hadithi, methali wala msamiati wa kilimo. Atakuta majina ya siku saba, miezi kumi na miwili, robo nne za mwaka, na maneno mawili ya kutenganisha nusu ya kwanza ya siku na nusu yake ya pili: *makeo* na *nyiaghuo*. Kwa lugha yenye wasemaji mamia ya maelfu katika milima ya Usambara na mabonde yanayoizunguka, hayo ni miongoni mwa machache ambayo kompyuta inayajua.

Mtu aliyelelewa Lushoto, Mlalo au Bumbuli hahitaji shahada ili aone kilichokosekana. Asubuhi Washambaa huamkiana *onga makeo*. Mchana huamkiana *onga mshi*. Jioni huamkiana *onga nyiaghuo*. Siku ya maamkizi ina vipande vitatu, siku ya faili ina viwili. Neno *mshi* halikupata pa kukaa. Hakuna sababu ya kudhani kwamba aliyejaza faili hilo alilisahau. Fomu aliyopewa ilikuwa na nafasi mbili tu, kwa sababu Kiingereza, ambacho ndicho kilichoipa fomu umbo lake, huigawa siku mara mbili kwa ufupisho wa Kilatini wa AM na PM. Kwa hiyo mtu anayetumia mpangilio wa Kishambaa akiandika saa nane mchana, kompyuta humwandikia *nyiaghuo*, yaani humwamkia kwa salamu ya jioni wakati jua lingali kichwani.

Nafasi tupu ya aina hii, yaani mahali palipoachwa wazi katika andiko ili tarehe au saa itiwe baadaye, haikuzaliwa na kompyuta. Ina historia yake, na katika Usambara historia hiyo inaweza kufuatiliwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Jambo linalojitokeza katika kila hatua ni kwamba anayechonga nafasi ndiye anayeamua ni kitu gani kihesabike; mwenye kuijaza hufika wakati uamuzi umekwisha kufanywa.

Kishika nafasi na kazi yake

Kwanza yafaa kueleza chombo chenyewe. Mfumo wa kusimamia maudhui ya tovuti hautunzi kurasa zilizokamilika kama kitabu kilichopigwa chapa. Hutunza habari upande mmoja na kiolezo upande mwingine, kisha huviunganisha kila mara ukurasa unapoombwa. Katika kiolezo mbunifu haandiki tarehe, kwa kuwa haijui. Huweka alama inayosimama badala yake. Alama hiyo huitwa hapa *kishika nafasi*. Katika lugha ya programu iitwayo PHP, ambayo mifumo mingi ya tovuti imejengwa kwayo, herufi *j* husimama badala ya namba ya siku, *F* badala ya jina la mwezi, *Y* badala ya mwaka. Katika CLDR herufi ni nyingine: *EEEE* ni jina kamili la siku, *d* ni tarehe, *MMMM* ni jina kamili la mwezi, *h* ni saa, na *a* ni lile neno la kugawa siku. Mfumo ukikuta *EEEE, d MMMM y* katika ukurasa wa Kiswahili, huenda katika hazina, ukachukua maneno yanayotakiwa, ukayapanga: Jumatano, 7 Julai 2021.

Kwa mtaalamu wa isimu, jambo la kutazamwa hapa ni mgawanyo wa mamlaka. Herufi za kushika nafasi zimewekwa na watu wachache, kwa lugha zote. Maneno ya kuzijaza huletwa na wasemaji wa kila lugha. Mshambaa anaweza kuamua mwezi wa kwanza uitwe nani. Hawezi kuamua kama pawe na miezi, wala siku ianze lini, wala igawanywe mara ngapi.

Usambara kabla ya nafasi tupu

Johann Ludwig Krapf alifika Vuga, makao ya wafalme wa Wakilindi, mwaka 1848, akarudi mwaka 1852. Kwa sababu alikuwa mtu wa shajara, safari zake zina siku na miezi. Mwenyeji wake, Kimweri ye Nyumbai, mfalme aliyeheshimiwa hadi pwani, hana tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1862 unaotajwa kuwa wa kifo chake umepatikana kwa wanahistoria kulinganisha masimulizi na kumbukumbu za wageni.

Haifai kudhani kwamba ufalme huo haukujua kuhesabu wakati. *Habari za Wakilindi*, kazi kubwa ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, inaonyesha wakati ulihesabiwa kwa kipimo kipi. Mwandishi huyu alikuwa mtu wa utamaduni wa pwani, alimtumikia Semboja wa Mazinde, na baadaye akawa liwali wa Tanga. Andiko lake lilichapwa kwa sehemu na misheni ya Magila, chini ya milima, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na toleo la J. W. T. Allen lilitoka mwaka 1962. Alikuwa mtu wa kalamu, na kalenda ya Kiislamu haikuwa ngeni kwake. Hata hivyo masimulizi yake hubebwa na tawala: Mbegha, Bughe, Kinyashi, na kuendelea hadi Kimweri na wanawe. Swali la *lini* hujibiwa kwa *enzi za nani*. Kipimo hicho hakikuwa duni kwa kazi kilichoifanya, kwa kuwa katika Usambara kujua mtawala ni nani kulimaanisha kujua pia hali ya mvua, ya njaa na ya amani.

Pwani yenyewe haikuwa na kalenda moja. Mwongozo wa Kiswahili wa Edward Steere, uliotoka mwaka 1870, ulikuta mwaka wa mwezi mwandamo ukitumika kwa ibada na mwaka wa jua ukitumika kwa kilimo na usafiri wa baharini. Huu wa pili ulianza kwa Siku ya Mwaka na kuhesabiwa kwa miongo, yaani makumi ya siku. Katika mwaka wa mwezi mwandamo, miezi baada ya Ramadhani iliitwa mfunguo mosi, mfunguo pili, hadi mfunguo tisa. Siku ilianza jua lilipozama. Hadi leo Kiswahili cha magazeti kinaposema *usiku wa kuamkia Ijumaa* kinajaribu kuziba ufa kati ya siku ya zamani, ambayo usiku wake hutangulia, na siku ya kiofisi, ambayo hubadilika saa sita usiku wakati watu wamelala. Kirai hicho ni tarehe iliyokataa kuingia katika kishika nafasi.

Kadi ya mwaka 1907

Nafasi tupu ya kwanza iliyowafikia watu wengi wa Usambara haikuwa ya barua wala ya gazeti, bali ya kazi. Wajerumani waliita Lushoto Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari wao Wilhelm wa Pili, na hali ya hewa ya milimani iliwavutia walowezi waliotaka mashamba na, zaidi ya mashamba, vibarua. Mwaka 1907, kwa shinikizo la walowezi hao, utawala wa wilaya ulianzisha mpango wa kadi. Kila mwanamume aliyepewa kadi alitakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Mtu aliyekuwa na shamba lake la migomba na mahindi, na aliyejua kwa mvua lini alime na lini apande, sasa alidaiwa hesabu nyingine kabisa.

Chini ya Waingereza, katika mashamba ya mkonge ya nyanda za Tanga na Korogwe, na katika mashamba mengine, utaratibu wa kadi ulikua na kupata jina lililodumu katika Kiswahili: *kipande*. Kipande kilikuwa na nafasi 30. Kila siku ya kazi iliyokamilika ilitiwa alama. Siku ya kuugua, ya msiba au ya kulima kwao haikutiwa kitu. Nafasi zote zilipojaa, mshahara ulilipwa. Kipande kimoja kiliweza kuchukua siku 40, au 50, au zaidi.

Hapa pana jambo ambalo wanaleksikografia hawajalipa uzito unaostahili. Kipande kilizaa aina mpya ya mwezi. Neno *mwezi* katika lugha za Kibantu ni mwezi wa angani na muda wa kuandama kwake. Kalenda ya misheni na ya serikali ililibandua kutoka angani na kulipa siku 30 au 31 zisizojali mwandamo. Kipande kikalibandua kutoka kalenda nayo, kikalipa siku 30 za jasho. Mtu aliyesema amefanya kazi miezi mitatu huenda alikuwa shambani miezi mitano. Katika kalenda siku hupita mtu afanye kazi asifanye. Katika kipande siku haikuwapo mpaka msimamizi aseme ilikuwapo. Nafasi tupu iliyobaki tupu haikusema kwamba mtu aliugua, wala kwamba alimzika mama yake. Haikusema lolote, na ukimya huo ulilipwa senti sifuri.

Kulisoma faili la Kishambaa

Wamisheni walichukua njia nyingine. Misheni ya Kilutheri ilifungua kituo Mlalo mwaka 1891 na Vuga mwaka 1895, na pamoja na shule ikaja juma la siku saba lenye siku moja ya ibada. Wanaisimu wa misheni walikuwa makini. Karl Roehl, ambaye baadaye alitafsiri Biblia ya Kiswahili, alitoa sarufi ya Kishambaa mwaka 1911. Kamusi ya LangHeinrich ilitoka Hamburg mwaka 1921. Wote waliandika *Schambala*, kwa *l*. Leo wenyewe husema Shambaa na Kishambaa, kwa kuwa *l* kati ya irabu imedondoka katika usemi wa wengi.

Udondoshaji huo ndio ufunguo wa kulisoma faili la CLDR, ambalo kwa mwanafilolojia lina thamani kuliko wahandisi wanavyodhani. Siku zimeandikwa *Jumaapii, Jumaatatu, Jumaane, Jumaatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumaamosi*. Katika *Jumaapii*, *pili* ya Kiswahili imepoteza *l* yake, sawasawa na Shambala iliyokuwa Shambaa. Miezi nayo ni *Januali, Febluali, Machi, Aplili*. Humu *r* ya Kiswahili imegeuka *l*, na *l* hiyo imesimama kati ya irabu bila kudondoka. Matabaka mawili ya ukopaji yanaonekana hapa: majina ya siku yalipanda mlima mapema, bila shaka kwa miguu ya wachuuzi na walimu wa pwani, yakakaa katika vinywa vya watu mpaka yakafuata fonolojia ya wenyeji, majina ya miezi yalikuja baadaye, kwa karatasi za shule na ofisi. Hata vifupisho vina la kusema. Jina kamili la mwezi wa nne ni *Aplili*, lakini ufupisho wake katika faili lilelile ni *Apr*, kwa *r* ya Kiswahili. Aliyejaza aliandika jina kwa sikio na ufupisho kwa jicho.

Sehemu inayopendeza kuliko zote ni ile ya vifupisho vya herufi moja, ambavyo hutumika juu ya safu za kalenda. Kuanzia Jumapili hadi Jumamosi, Kishambaa kimejaza hivi: 2, 3, 4, 5, A, I, 1. Namba hizo ni Kiswahili kitupu: Jumamosi ni siku ya kwanza, Jumapili ya pili, hadi Jumatano ya tano, kisha Alhamisi, ambayo ni *ya tano* kwa Kiarabu, ili juma liwe na siku mbili za tano, na Ijumaa, kilele chake. Sasa zilinganishwe na namba za mashine. Kwa kanuni ya kimataifa ya ISO 8601, siku ya 1 ni Jumatatu. Kwa Agano Jipya, siku ya kwanza ya juma ni Jumapili, jambo lililomlazimu kila mwalimu wa dini kueleza kwa nini siku ya kwanza inaitwa ya pili. Jumatatu basi ni ya tatu kwa jina, ya pili kanisani, na ya kwanza katika kompyuta. Mbunifu wa tovuti asiyejua Kiswahili akiomba namba ya siku na kuibandika karibu na jina lake, atapata *Jumatatu (1)*, na hatajua kwa nini wasomaji wake wanatabasamu.

Ruth Besha, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa mwaka 1989 kitabu kizima juu ya njeo na hali katika Kishambaa. Wakati katika lugha hii, kama katika dada zake za Kibantu, umehifadhiwa kwa wingi zaidi ndani ya kitenzi kuliko katika nomino. Vishika nafasi huomba nomino.

Saa iliyopotea

Kasoro ya Kishambaa ni ya neno moja. Ya Kiswahili ni ya mfumo mzima wa saa, na inawagusa watu wengi zaidi.

Lushoto iko karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta. Mchana mrefu wa Desemba huuzidi ule mfupi wa Juni kwa takriban nusu saa tu. Katika nchi ya namna hii kuhesabu saa kuanzia macheo ni busara: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza tangu jua kuchomoza, leo na miezi sita ijayo. Wahabeshi huhesabu vivyo hivyo. Saa za mkononi zilipoingia, Waswahili hawakubadili hesabu; walijifunza kuusoma uso wa saa kwa kugeuza, wakaona 7 na kutamka moja. Tafsiri hiyo hufanyika kila siku, kwa wepesi ambao anayeifanya hauoni.

Kompyuta ilipokuja, tafsiri hiyo ilikosa mahali. Kishika nafasi *h* hutoa 7, na *a*, au ndugu yake mpya anayegawa siku kwa vipande vingi, hutoa *asubuhi*. Matokeo ni *7:00 asubuhi*, ambayo ikisomwa kama ilivyoandikwa ni saa saba asubuhi, saa ambayo haipo katika Kiswahili. Inashangaza zaidi kwamba faili la Kiswahili la CLDR lenyewe linajua ukweli. Mahali pa jina la usiku wa manane limeandika *saa sita za usiku*, na mahali pa adhuhuri *saa sita za mchana*. Faili moja, mstari mmoja unasema sita, mstari mwingine utachapa 12.

Hesabu ya kurekebisha ni ya darasa la pili: tofauti ni sita. Kinachokosekana ni herufi. CLDR ina herufi nne za saa, *h*, *H*, *K* na *k*, kwa njia nne za kuhesabu: 1 hadi 12, 0 hadi 23, 0 hadi 11, na 1 hadi 24. Herufi *K* ina kazi katika Kijapani. Kalenda ya Kihabeshi yenye miezi 13 imekubaliwa na inafanya kazi barabara. Saa inayoanza kuhesabiwa macheo, inayotamkwa na mamilioni kutoka Zanzibar hadi Kongo ya mashariki, na inayotumika Ethiopia pia, haikupewa herufi hata moja.

Lawama haziwaendei wahandisi wa mbali peke yao. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, na muda mfupi baadaye Microsoft nayo ikafanya hivyo. Mjadala wa miaka ile ulikuwa wa istilahi: faili liitwe faili au jalada, kipanya au puku. Ulikuwa mjadala wa haki, lakini ulihusu maneno ya kujaza. Nafasi zenyewe zilipokewa kama zilivyo. Kila mmoja alidhani saa ni jambo la hesabu, si la lugha.

Gharama yake huonekana katika mambo madogo. Tiketi iliyochapwa na mashine kwa safari ya Lushoto kwenda Dar es Salaam ikisema 06:00, mkata tiketi atasema saa kumi na mbili alfajiri. Mzee atakayeisoma bila msaidizi anaweza kuhesabu saa sita mchana na kufika stendi basi likiwa limekwisha kupita Korogwe. Kwa hiyo wakata tiketi wengi huongeza saa kwa kalamu pembeni, wakiirudisha lugha mahali ambapo kiolezo kiliinyima nafasi.

Kirai kinachozunguka tarehe

Kuanzia mwaka 2017 tovuti za halmashauri nyingi za Tanzania Bara zilijengwa kwa kiolezo cha pamoja, na habari za wilaya za milimani, kutoka bei za mazao hadi vikao vya madiwani, zikaanza kuchapishwa kwa Kiswahili fasaha. Juu ya habari lilisimama neno *Imewekwa*, na mbele yake tarehe yenye jina la mwezi kwa Kiingereza, likifuatiwa na namba ya siku iliyobandikwa *th* au *st*. Chanzo si uzembe wa waandishi. Kazi ya tarehe ya PHP hutoa jina la mwezi kwa Kiingereza daima, hata tovuti iwe ya lugha gani, mpaka mbunifu aongeze hatua ya kutafsiri. Na herufi *S*, inayoleta *th*, imetengenezwa kwa Kiingereza peke yake.

Kiswahili nacho kina desturi yake hapo, na haifanani na ya Kiingereza. Siku mbili za kwanza za mwezi hupewa namba za zamani, *tarehe mosi* na *tarehe pili*, kisha zinazofuata hutajwa kwa namba za kawaida, tarehe tatu, tarehe nne. Tena Watanzania wamefanya tarehe kuwa majina: Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane. Saba Saba ina kumbukumbu ya kuzaliwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954, na siku hiyohiyo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kwa bahati njema 7/7 na 8/8 hazibadiliki hata zikiandikwa kwa mpango wa Kimarekani wa kutanguliza mwezi. Tarehe 9/12, siku ya uhuru wa Tanganyika, haina bahati hiyo.

Tatizo zito zaidi ni la upatanisho wa kisarufi. Tovuti hupenda kuonyesha umri wa habari: dakika chache, siku mbili, mwaka mmoja. Kiolezo cha Kiingereza huweka namba, kisha kipimo, kisha neno moja lisilobadilika. Mtafsiri akipewa neno hilo la mwisho pekee, hawezi kulitafsiri kabisa. Kwa Kiswahili ni *mwaka 1 uliopita* lakini *miaka 2 iliyopita*. *Mwezi 1 uliopita* lakini *miezi 3 iliyopita*. *Siku 1 iliyopita* lakini *siku 5 zilizopita*. Nomino hutangulia namba, na ngeli yake huamua kiambishi cha kitenzi upande wa pili wa namba. Kishika nafasi kinachodhani kwamba kinashika neno moja kumbe kinashika kirai kizima. CLDR ililielewa jambo hili na kuwaachia watafsiri kirai chote, kwa umoja na kwa wingi, na Kiswahili chake hapo hakina dosari. Mifumo iliyounda vipande vyake yenyewe ndiyo iliyozaa *2 miaka iliyopita* na mengine mabaya zaidi.

Mfano huo wa upatanisho unaonyesha kwamba nafasi huweza kuchongwa upya pale wanaisimu wanapofika mapema na kueleza kwa mifano kile kinachotakiwa. Hata mgawanyo wa siku umekwisha kulegezwa: toleo la karibuni la kanuni linaruhusu vipande zaidi ya viwili, na Kiswahili kimeviingiza vyake vitano, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, kila kimoja na mpaka wake. Alfajiri huanza saa kumi usiku na kuishia saa moja. Jioni huanza saa kumi alasiri. Kwa Kishambaa mlango uleule uko wazi, na *mshi* inaweza kuingizwa.

Lakini fomu inataka namba mbili, ya kuanzia na ya kuishia, zilezile kwa kila siku ya mwaka na kila kijiji. Kwenye ukingo wa mlima, kama Mtae, jua huonekana mapema kuliko bondeni Soni, na kuna asubuhi za masika ambapo ukungu hufanya *makeo* idumu mpaka karibu na adhuhuri. Watu wa gulio wanajua wanapoacha kusema *onga makeo* na kuanza kusema *onga mshi*. Utafiti wa kuwauliza, kijiji kwa kijiji, mzee kwa kijana, ni kazi ya mwanafunzi mmoja wa uzamili, kinasa sauti na miezi mitatu ya kalenda.